Mtumbwi Unamngoja Mwanamwema

Karatu,
4 Julai 1962

Mpenzi wangu Yohani,

...na kama nilivyokuwa nikikuambia pale lori lilipoanza kunguruma ukaacha kunisikia, hakuna mke mwingine katika Karatu nzima aliyeolewa Juni na kumkabidhi mumewe kwa ziwa Julai. Basi, nimemaliza sentensi yangu. Sasa nimeridhika.

Usidhani nalalamika. Likizo uliyopewa kazini Ngorongoro ni yako, na mtu anayeitumia kumkumbuka rafiki yake ndiye mtu niliyetaka kuolewa naye. Nikipepeta maharage nafumba macho, nakuona umekaa katikati ya mtumbwi, yule mvuvi Haji nyuma akiongoza, na Sakaya mbele na shuka lake jekundu kama bendera. Leo Mama amenigutusha mara mbili, maana maharage yalikuwa yanakwenda kwa kuku. Kasema kwamba zamani msichana alifungiwa ndani anenepe kabla ya kuolewa, siku hizi wanaonenepa ni kuku. Alicheka, nami nikacheka, na nikamshukuru Mungu kwamba mama uliyenipa ni huyu.

Kazi uliyonipa nimeianza. Nimepita nyumba zote hadi kule bondeni, nikieleza kwa Kiiraqw changu ambacho wanasema kinanuka shule. Nimewaambia kwamba Matano alikuwa mtu wa Tanga. Kwamba huko kwao kazi yake ilikuwa kukaa ufukweni na filimbi shingoni, akiwalinda waogeleaji wasizame. Kwamba alikuja Mang'ola kuvua samaki, na mvua kubwa zilipofika, mto ukaanza kuwachukua watu pale kivukoni, akasimama mwenyewe bila kuajiriwa na mtu yeyote, akawatoa majini mmoja baada ya mwingine, mpaka Machi mto ulipomchukua yeye. Nimewaambia kwamba rafiki zake watatu wanapiga kasia katika Ziwa Eyasi, kutoka Mang'ola hadi mwisho wake na kurudi, kwa heshima yake. Na kwa kila kambi mtakayofika, kila nyumba itoe debe la mahindi, Seif mwenye duka ayauze, upatikane mtumbwi wa kuokolea watu, na kamba, na mtu wa kukaa pale kivukoni siku zote za mvua.

Hawakunifukuza hata nyumba moja, Yohani. Mzee mmoja aliuliza kama ni kweli Mmaasai yumo mtumbwini. Nikamwambia ni kweli, ni Sakaya wa Soitsambu, mwenzako wa kazini. Akasema basi yeye atatoa madebe mawili kila kambi, moja la Matano na la pili la kumwombea Mmaasai.

Liko jambo dogo limenitia simanzi, ila ni la hapa nyumbani, na sitaki kumwandikia mtu aliye majini mambo ya nyumbani. Litapita.

Nakukosa kuanzia unyayo hadi utosi. Naandika hivi makusudi ili uone haya ukisoma mbele ya wenzako.

Wako, wako tena, na wako,
Blandina


Ziwa Eyasi,
8 Julai 1962

Blandina wangu,

Raphaeli, yule dereva wa Seif anayekuja kuchukua samaki, amenipa barua yako. Niliisoma kimya, kisha wenzangu wakadai niisome kwa sauti. Niliruka mahali. Wakajua nimeruka, na Haji akasema mtu anayeruka hivyo hata mwisho wa ziwa angefika kwa miguu.

Ziwa limejaa kuliko nilivyowahi kuliona. Migunga imesimama majini hadi kwenye matawi, nasi tunapita katikati yake kama watu wanaopita shambani. Asubuhi maji ni shwari. Mchana upepo unashuka kutoka kwenye ukuta wa bonde, basi tunavuta mtumbwi nchi kavu na kulala kivulini. Haji anasema mimi na Sakaya tunapiga kasia kama tunakoroga ugali. Mimi angalau nilifundishwa na Matano mwenyewe, siku zile nilipokuwa utingo wa lori Mang'ola. Alinishika tumbo kwa chini kama mtoto mchanga, akaniambia kama ni lazima nitapetape basi nitapetape kwa utaratibu. Kila nikizamisha kasia namsikia.

Taabu ya Sakaya si maji, ni chakula. Samaki hali, na sisi hatuna kingine. Haji akipika perege, yeye anatugeuzia mgongo. Jana alishika fimbo akaenda kuomba maziwa kwenye boma la Wadatoga. Nilimwonya, maana babu zake na babu zao walichomana mikuki. Alimkuta mama mmoja, na yule mama akamuuliza Mmaasai anatafuta nini ziwani. Sakaya akajibu kwamba anamlilia rafiki. Alipolitaja jina la Matano, yule mama aliingia ndani akatoka na kibuyu kimejaa, akasema dada yake ni miongoni mwa waliotolewa mtoni. Sasa Sakaya anatembea kama mkwe wa boma lile.

Sasa sikiliza, mke wangu, hili ndilo kubwa. Mwendee Mwanamwema, mjane wa Matano, huko uani kwa Seif, kwa niaba yetu. Umwambie kila jioni Haji hulitaja jina la mumewe tunapofika nchi kavu. Tutarudi kivukoni Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, na Haji anasema eda itakuwa imekwisha. Tunamwomba awepo, na yeye ndiye aupe jina mtumbwi mpya. Hatukuweza kumwomba kabla ya kuondoka, Haji aliona si adabu wanaume kwenda kumgongea mjane. Lakini asipokuwepo, Blandina, hii itakuwa safari ya wanaume watatu tu.

Nakupenda kuliko ninavyoweza kuandika wawili hawa wakichungulia.

Yohani


Karatu,
11 Julai 1962

Roho yangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa juu ya gunia la mahindi la mzee wa madebe mawili, maana mahindi yameanza kuja kabla hata sijatangaza kambi. Nimeisoma tena jikoni, na tena kanisani, Mungu anisamehe. Hilo la mama wa Kidatoga na kibuyu nimewasimulia majirani, na leo mchana lilinirudia kutoka upande wa pili wa Karatu likiwa na vibuyu vitatu.

Nataka ujue kwamba sasa napika mikate ya kumimina ambayo Mama ameikubali kwa kichwa, ingawa bado si kwa mdomo. Nataka ujue pia kwamba shati lako la bluu nalivaa nikiwa peke yangu. Ukirudi utalikuta limekonda.

Kwa Mwanamwema nilikwenda. Ujumbe wako nimeufikisha wote, neno kwa neno. Yu mzima wa afya. Mengine tutazungumza ukirudi, wewe piga kasia tu.

Blandina anayekungoja


Ziwa Eyasi, kambi ya mwisho,
14 Julai 1962

Blandina,

Samahani kwa penseli hii, kalamu ya wino uliyonipa siku ya harusi imepotea. Tumefika mwisho wa ziwa, sote tu wazima.

Raphaeli ametufikia leo. Alikuwa akipakua magunia uani kwa Seif siku ulipokwenda kwa Mwanamwema, naye anasema alimsikia mjane akikuambia tuiache safari hii na tusilitumie jina la mumewe. Nimemwambia hakusikia vizuri. Haji ameweka kasia lake chini.

Niambie kama ni kweli. Kama ni kweli, kwa nini uliniambia nipige kasia tu?

Yohani


Karatu,
17 Julai 1962

Yohani mume wangu,

Raphaeli ni gazeti lenye magurudumu, na anapeleka habari kote kuwili. Mimi ameniambia kwamba kalamu haikupotea, ilizama. Upepo uliwapindua katikati ya maji, Sakaya alibaki ameng'ang'ania mtumbwi asijue kuogelea, na wewe uliyekuwa tayari umekaribia ufukwe ukarudi kumfuata. "Sote tu wazima," unaniandikia. Nililia kwa hasira, kisha nikalia kwa fahari, kisha nikasuka nywele nisiendelee kulia.

Basi tumefichana, wote wawili, kila mmoja akijidhani mwema. Sasa nakueleza langu lote.

Ni kweli. Mwanamwema alinikaribisha vizuri, akanikalisha kwenye mkeka, akaniita bibi harusi. Nilipompa ujumbe wenu alisema hivi, nami sijapunguza kitu:

"Bibi harusi, waambie waache. Mume wangu amekufa kwa ajili ya watu wa huku. Tangu maji yalipobomoa nyumba yangu nikaletwa hapa, wewe ndiwe wa kwanza kati yao kupiga hodi. Wananiwekea chakula kwenye jiwe kama paka. Mie hawanitaki, jina la Matano wanalitakia nini? Eda ikiisha naondoka kwenda Tanga, na jina lake naondoka nalo."

Jiwe hilo, Yohani, nimeliona kwa macho yangu. Ndilo lile jambo dogo nililokuambia litapita. Siku ile ya kwanza nilimkuta Mama akimpelekea viazi, nikafikiri tutaingia pamoja. Mama aliliweka kapu juu ya jiwe, mbali na mlango, akageuka bila salamu. Baadaye nikaona majirani wote wanafanya vivyo hivyo. Watu hawa hawa wanaotoa mahindi kwa furaha.

Ningekuandikiaje? Mke wa mwezi mmoja, barua yake ya kwanza, amsemee mama mkwe kwa mwanawe. Nampenda Mama. Ndiyo maana nilinyamaza, na ndiyo maana naumia.

Unisamehe. Nami kalamu nimekusamehe, lakini hilo la kuzama bado nalifikiria.

Blandina


Ziwa Eyasi, kambi ya mwisho,
19 Julai 1962

Mke wangu,

Nimesoma habari ya jiwe, nikacheka peke yangu mpaka Sakaya akadhani yale maji ya magadi niliyoyameza yamepanda kichwani. Kisha nikajishika kichwa. Laiti ungeniandikia siku ile ya kwanza.

Wewe ni Mwiraqw kama mimi, lakini baba yako katekista aliyakataza mambo ya wazee nyumbani kwake, na utoto wako umeishia bwenini kwa masista. Hukuonyeshwa. Sitakueleza mimi. Mwendee Mama, umwambie maneno yote ya Mwanamwema kama yalivyo. Hatakasirika. Nenda kabla hujaikunja barua hii.

Sisi hatusogei. Haji amesema hawezi kulitaja jina la mtu ambaye mkewe amelikatalia, na tangu siku ile jioni zetu ni za kimya. Mtumbwi tumeuvuta juu. Neno la Mwanamwema likija, liwe la kukubali au la kukataa, ndilo tutakalolifuata. Akikataa, nitawarudishia majirani mahindi yao mwenyewe, nyumba kwa nyumba.

Yote yako mikononi mwako, na sijui mikono mingine ambayo ningependa yawemo.

Yohani


Karatu,
22 Julai 1962

Mpenzi wangu, mpenzi wangu,

Nilikwenda kabla ya kuikunja. Mama alikuwa akikama. Nilimwambia yote, nikiwa nimesimama nyuma ya ng'ombe ili asiuone uso wangu. Aliacha kukama. Nikafikiri ndoa yangu imeisha.

"Hatumtaki?" akasema. "Yule mwanamke anashika kilio kuliko sisi wenyewe."

Akanieleza, mzee wa watu, polepole kama anamfundisha mtoto. Kwamba kwetu kifo kikiingia nyumbani, hasa kifo cha kuchukuliwa na maji, aliyefiwa hukaa peke yake. Haingii nyumba za watu, wala watu hawaingii kwake. Hawashiriki moto wala kikombe, mpaka muda utimie na wazee wamtoe. Wanaita metimani. Mtu anajitenga ili kifo kiishie kwake kisiwafikie majirani na mifugo yao. Sasa fikiria, Yohani. Wakamwona mgeni huyu wa pwani, hakuna aliyemfundisha, amerudisha mlango wake na hatoki. Bonde zima likasema, tazameni, amempoteza mumewe kwa ajili yetu na bado anatulinda. Kwa hiyo wakawa wanamchagulia viazi vizuri kuliko vyote, wanaviweka mbali, na hakuna aliyethubutu kupiga hodi asije akamharibia.

Nami nikamweleza Mama habari ya eda. Kwamba mjane wa Kiislamu hukaa ndani, hajipambi, hatembei ovyo, lakini wanawake wenzake huingia. Huja kukaa naye. Ndicho anachokingojea.

Mama aliinuka kutoka kwa ng'ombe. "Kwa hiyo tangu wakati ule," akasema, "alikuwa anatungoja."

Ng'ombe aliachwa nusu, maziwa yakiwa bado kwenye kiwele. Mama alijifunga kanga akatangulia, mimi nikimkimbilia nyuma na barua yako mkononi. Kuingia hakuweza, na sikumlazimisha. Alikwenda akaketi juu ya jiwe lile lile, akapiga hodi kutoka hapo, kwa sauti kubwa hata Seif akaacha mizani akatoka kuona kuna nini. Mwanamwema akafungua mlango. Wakakaa hivyo, mmoja mlangoni na mwingine jiweni, ua ukiwa katikati, na mimi nikiwa mkalimani.

Mama hakujitetea. Alisema jina la Matano, akamtaja kijana wa jirani aliyetolewa mtoni, na mama wa kijana yule, akasema wote hao wamekuwa wakipita njia hii wakitazama mlango ule kwa heshima. Nilipotafsiri hilo la heshima, Mwanamwema aliniuliza kama ninamfariji tu. Nikaapa. Akauliza, hata vile viazi? Nikamwambia vilichaguliwa kimoja kimoja.

Akafunika uso kwa ushungi, na nikadhani analia. Alikuwa anacheka, kisha akalia kweli. Akasema mie vile viazi kwa uchungu nimekuwa nikiwapa mbuzi wa Seif. Nikasita kutafsiri, Yohani, lakini Mama alinisukuma kwa kiwiko nikasema. Mama akamtazama mbuzi aliyefungwa pale, akasema basi hakuna mbuzi aliyeheshimiwa kama huyu kutoka hapa mpaka Mbulu. Hapo wakacheka wote wawili bila mkalimani.

Kuanzia siku ile uani kwa Seif hapakaliki. Wanawake wanakuja na vigoda vyao, wanakaa nje ya mlango wake, yeye ndani kidogo ya kizingiti, kila mmoja akishika desturi yake na mazungumzo yakipita katikati. Mama alikuwa tayari anataka kupika pombe ya kumtoa kilioni eda itakapokwisha Ijumaa, na ilinibidi nimkimbilie nimweleze habari ya Waislamu na pombe. Amesikitika, maana mtama alikuwa ameshauloweka. Tumekubaliana iwe maziwa, kutoka kwa kila nyumba kidogo, wanywe kibuyu kimoja na Mwanamwema. Nilimuuliza Mwanamwema kama anaridhia. Alisema amekaa peke yake kiasi cha kutosha kunywa na Karatu nzima.

Na sasa jibu mnalolingojea. Nimeliandika mbele yake, akaniambia nimsomee, na hili ndilo:

"Waambie Haji na wenzake washushe mtumbwi. Jina la mume wangu walitaje kwa sauti, wasilinong'one. Tanga nitakwenda kumwona mama mkwe wangu, lakini nitarudi, kwani kivuko kile kinataka mtu anayejua maji, nami Matano hakuoa mwanamke asiyejua kuogelea. Mtumbwi mpya nitaupa jina mwenyewe, nikiwa nimesimama pale."

Sikiliza hilo, Yohani. Majirani wameshasikia kwamba mlinzi wa kivuko atakuwa yeye, na mzee wa madebe mawili anasema sasa hajui ni nani aliyebaki wa kumwombea.

Seif ametoa lori, na kwa mara ya kwanza Raphaeli atabeba habari ambayo hahitaji kuimwaga njiani, kwa kuwa wenyewe tutakuwa tumekaa nyuma. Tunashuka Mang'ola Jumamosi, Mama, Mwanamwema, mimi na wanawake wa bondeni kadiri lori litakavyowachukua. Nimekuwa mkeo kwa barua nusu ya ndoa yetu, na nimechoka kukupenda kwa wino. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa kivukoni. Ila mtakapokaribia nchi kavu usinitafute mimi kwanza. Mtafute yeye. Mimi nitakuwa nimemshika mkono.

Mkeo,
Blandina